Hatukupiga Wimbo wa Ushindi

Kaka yangu alikuwa mpiga tarumbeta kwenye kanisa letu la Tegeta kabla hajajiunga na jeshi. Aliuawa akilinda amani katika nchi ya jirani. Siku ya ibada ya kumkumbuka, mzee wa kanisa anayesimamia muziki aliagiza tupige wimbo wa ushindi, wenye mwendo wa gwaride.

Mama alimjibu kabla yangu. "Ushindi gani, mzee wangu? Mie nimeletewa jeneza."

"Askari anaagwa kishujaa, mama," alisema, akaenda kukaa mbele.

Mpiga kinanda nilikuwa mimi. Zamu yetu ilipofika, mzee alinyanyua mkono, nami nikaanza wimbo ambao mama alitubembelezea tukiwa wadogo. Mzee alinijia mbiombio.

"Acha! Sio huo!"

"Samahani, mzee," nilisema bila kuinua vidole. "Siachi."

Noti kadhaa nilizikosea. Wapiga tarumbeta, wenzake kaka, walitutazama tu. Wimbo ule hawakuwahi kuufanyia mazoezi. Kisha mwenye tarumbeta la besi akaingia taratibu, akiutafuta, na wengine wakamfuata mmoja mmoja mpaka vioo vya madirisha vikatikisika. Mama alisimama akaimba kwa lugha ya kwao, sauti juu, akimtazama mzee usoni.

Mzee alinisimamisha kupiga kinanda mwezi mzima. Sikuomba msamaha. Jumapili niliyorudi, wapiga tarumbeta waliuanzisha wimbo wa mama wenyewe.