Siku Mama Alipomkimbia Mkwe Wake

Mume wangu simchukii, ila barabara yake naichukia mpaka leo. Nasema yake kwa hasira tu, hakuichora yeye. Yeye ni wakili wa benki, kazi yake kusoma mikataba ya mikopo mpaka macho yamuume. Kisumu ilipoanza kujitanua kila upande, wanasiasa wakamtafuta, maana walitaka barabara pana kutoka upande wa Kibuye mpaka ufukoni, na benki haikopeshi porojo. Wakamweka kwenye kamati ya barabara. Nisidanganye, nilifurahi. Kanisani nilikaa kifua mbele.

Furaha iliisha siku nilipoona ramani mezani kwetu. Barabara ilipita katikati ya dala ya mama yangu, yaani boma lake, nyumba pamoja na kaburi la baba. Kulikuwa na njia nyingine juu kidogo, kwenye uwanja mtupu wa wakubwa fulani, na kamati ilikuwa haijaamua. Kilichobaki ni kikao cha wananchi. Mwenye boma akisimama na kupinga, wahandisi wangelazimika kuipima ile njia ya juu. Akinyamaza, amekubali.

Na mama hakuwa na pa kwenda. Hana mtoto wa kiume, na kwetu mjane hafungui dala mpya peke yake. Kwangu pia hawezi kulala, kwa sababu kwangu ni kwa mkwe wake. Watu wa nje hudhani ni masihara. Kwetu Wajaluo mama mkwe na mkwe hawapeani mkono, hawali pamoja, na mama wa kizazi chake akimwona mkwe njiani huchepuka. Miaka yote ya ndoa yangu wawili hao wamesalimiana kupitia mimi, na wanapendana kweli.

Nilimwomba mume wangu ajitoe kwenye kamati. Akasema akijitoa ataingia mtu wa mheshimiwa, na dala itaenda hivi hivi. Tukapanga baba mdogo amsemee mama. Niliitikia shingo upande, maana mambo ya sheria anayajua yeye.

Kikao kilifanyika chini ya hema, kwenye uwanja wa shule karibu na kwetu. Karani akaanza kwa kutangaza kwamba atasikilizwa mwenye boma mwenyewe, si ndugu wala jirani. Nikampigia mama simu. Akaja na kitambaa chake cha kanisa kichwani, midomo ikicheza, anakariri maneno yake. Alipofika penye hema akamwona mkwe wake ameketi mbele kabisa, na kipaza sauti kimewekwa mbele ya meza ile ile. Akageuka. Akaenda kukaa nyuma ya hema, akajifunika leso.

Nilimfuata nikamsihi aseme hata akitazama chini. Ng'o. Alisema hawezi kubishana mbele ya mkwe wake kama mlevi wa sokoni. Nikarudi ndani nisimame mimi. Mwenyekiti, kwa upole kabisa, akaniuliza kama boma ni langu. Kabla sijafungua mdomo, baba mdogo akanijibia kwamba mimi ni binti aliyeolewa, dala yangu iko kwingine. Eti huyo ndiye tuliyempanga atusaidie! Nilitaka kumpiga kofi, na nilitaka ardhi inimeze.

Basi nikamwonyesha mume wangu kwa macho na kwa kidole: toka, ni wewe unayemzuia. Akaelewa upesi. Akamwambia mwenyekiti kwamba boma linalofuata ni la wakwe zake, hafai kuwepo. Akainuka haraka ili mama apate kuingia. Na kwa kuwa aliona haya kupita katikati ya watu wa ukweni, akapitia nyuma ya hema.

Nilipofika nje, mama tayari anakimbia. Mama yangu, na magoti yake mabovu yale, leso usoni, anakatiza shamba la mahindi kuelekea nyumbani. Mume wangu amesimama, uso ameugeuzia turubai asimwone. Hata kumwita hawezi. Nilimwita mimi, nikamkimbilia. Tulikuwa bado kwenye mahindi boma letu liliposomwa kwenye kipaza sauti. Likasomwa tena. Halafu likasomwa la jirani.

Mume wangu aliandika rufaa, akakosana na wanasiasa, wakamtoa kwenye kamati. Jibu lilikuja kwamba mwenye boma hakupinga. Baba tukamfukua, tukamzika upya kwa baba mdogo. Mama tukampangia nyumba Migosi. Barabara yenyewe ni nzuri, hilo nalikubali, na vijana wa boda boda wa Manyatta wanaisifu. Mimi huzunguka.

Siku ya kubomoa nyumba mama alinivuta kando. Nikajua sasa atasema. Nilitaka amtukane mume wangu, aitukane kamati, anitukane na mimi, ili nipate cha kujibu. Akaniuliza kwanza kama mume wangu siku hizi anakula vizuri.

"Nyathina, mwanangu," akasema, "mwambie mkwe wangu anisamehe. Siku ile nilimpita karibu sana."

Nilimfikishia maneno hayo. Mume wangu akatoka akaenda kuketi ndani ya gari, milango imefungwa. Mimi nikabaki nimesimama uani, sijui niende kwa nani.