Marashi kwa Wageni wa Baba

Juzi hapa Muaither, huku ughaibuni kwa binti yangu, televisheni ilimwonyesha kiongozi wa Wakatalani, wale wanaotaka kujitenga na Hispania. Aliitisha kura, akafungwa, akasamehewa, na bado anasema lile lile. Walimwonyesha anakwenda jela kavaa suti, anaaga watu kwa tabasamu.

"Baba, huyu kama anakwenda harusini," binti yangu akasema.

Baba yangu naye alitaka kisiwa chetu kijitawale, na hakulisema kwa kunong'ona. Alasiri moja, mimi bado mtoto mdogo, alivaa kanzu iliyonukia pasi ya makaa. Mama alikuwa anapika pilau, na pilau lake, niseme kweli, mdalasini ulizidi siku zote. Alikuwa analia, nikadhani ni vitunguu. Gari likasimama, wakashuka wanaume wa viatu vizito. Leo najua walikuwa askari, na baba alijua wanakuja. Mimi nilijua ni harusi. Nikachukua mrashi, ile chupa ya shingo ndefu, nikawanyunyizia marashi viganjani kama wapokewavyo wageni.

"Mwanao huyu?" mkubwa wao akauliza.

"Wangu. Ana adabu zake," baba akasema. "Haya mwanangu, na mimi nitie."

Akakinga viganja, akajipaka usoni taratibu. Yule mkubwa alijifuta mikono kwenye suruali. Wakaondoka naye.

Yule Mkatalani alitoka. Baba hakurudi. Mama aliufunika mrashi kwa kitambaa, na hata siku ya harusi yangu wageni waliingia mikono mikavu.