Preamp mbili, sauti ya dada yangu, na Jumatatu ya kwenda kupasuliwa

Wakuu, salaam kwenu nyote mliomo humu.

Tangu asubuhi nawasoma mnavyorushiana maneno kuhusu preamp. Huyu anataka iliyo safi, isiyoongeza kitu. Yule anataka yenye rangi, inayonenepesha sauti.

Nimefunga ukurasa, nimefungua tena. Nimetoka nje, nimerudi. Kunyamaza nimeshindwa.

Ninayosimulia yalinikuta mwenyewe, Mwanza, miaka ya tisini. Anayetafuta chai, hadithi za kutunga, aende uzi wa jirani.

Kwa mgeni wa mambo haya: sauti inayotoka kwenye maiki ni ndogo mno, haifai kurekodiwa ilivyo. Preamp ndiyo inayoipandisha. Kuna inayoipandisha na kuiacha kama ilivyo, na kuna inayoipandisha huku inaitia ladha yake. Basi, mengine yote ni mbwembwe.

Wakati huo biashara zilikuwa zimefunguliwa, kila mwenye duka anakimbilia Dubai. Mzee Salum, bosi wangu pale Kirumba, alirudi na friji, televisheni, na preamp moja mpya kabisa. Nadhani hata yeye hakujua vizuri kanunua nini.

Studio yetu ilikuwa chumba nyuma ya duka lake, kuta zimebandikwa trei za mayai. Kazi yetu kubwa ilikuwa kwaya. Enzi hizo hakuna kwaya iliyokubali kukaa bila kanda yake.

Hiyo ya Dubai ndiyo ilikuwa safi. Mtu akimeza mate, umesikia.

Ya pili ilikuwa kongwe, tuliinunua kwenye misheni moja ilipofunga chumba chake cha kurekodia. Ya valvu, unaiwasha halafu unasubiri ipate moto, na inaunguruma kidogo. Ila sauti yoyote ikipita humo inatoka nene, laini, kama imepakwa mafuta. Zile sauti kali za juu ilikuwa inazimeza. Wanakwaya waliipenda kupita kiasi.

Mimi nilikuwa situlii. Leo hii, kesho ile. Nachomeka, nachomoa. Mzee Salum alikuwa akiniambia nitammalizia nyaya zake.

Sasa tuje kwenye jambo lenyewe.

Dada yangu Kabula, mkubwa kwangu, ameolewa Kisesa. Kwenye kwaya yao yeye ndiye alikuwa anaanzisha nyimbo. Na alikuwa na goita. Ule uvimbe wa shingoni ulianza mdogo, ukaja kufikia ukubwa wa ngumi.

Daktari hakumficha. Alimwambia uvimbe unabana njia ya hewa, na usipotolewa ipo siku utaiziba. Akamwambia pia kwamba kisu kinapita jirani na mishipa ya sauti, kwa hiyo anaweza kuamka na sauti nyingine.

Dada akalazwa, akatoroka wodini. Akalazwa tena, akatoroka tena.

Hapo ndipo shemeji Masanja, mume wake, aliponifuata dukani. Alikuwa amechoka usoni hadi nikamvutia kiti. Akasema dada amekubali kwa sharti moja: sauti yake irekodiwe kwanza, ibaki. Kitanda kimepatikana, Jumatatu. Akikimbia safari hii, hospitali haitamngojea tena.

Jumamosi wakaja wote wawili. Madirisha tumefunga kwa ajili ya wale wadudu wa ziwani, joto kali, na umeme wa siku hizo mnaujua. Nilikuwa nasikilizia ukatike muda wowote.

Nikaanza na ile safi. Dada akaimba wimbo wake wa mavuno, alioutunga mwenyewe.

Wakuu, kwenye headphone nikasikia kitu. Kila alipomaliza mstari akavuta pumzi, kulikuwa na mluzi. Mwembamba, kama upepo kwenye tundu la kitasa. Sisi ndugu tulikuwa tumeuzoea kiasi kwamba hatuusikii tena. Ile preamp haikuwa imeuzoea.

Nikaogopa. Nikasema moyoni, huyu akijisikia hivi atavunjika moyo na Jumatatu haendi popote. Nikamwomba arudie, nikahamishia maiki kwenye ile kongwe.

Akarudia. Mluzi ukamezwa. Sauti ikatoka nene, ya kisichana, kama ya miaka ile alipokuwa anaolewa. Nikafurahi kwamba nimepata dawa.

Nikawachezea hiyo ya pili. Dada akatabasamu. Shemeji akatabasamu. Mimi nikawa najisifu kimoyomoyo.

Kanda ilipofika mwisho dada akajifunga kitenge vizuri, akasimama.

"Sasa sauti kama hii mnataka wakaipasue kwa nini?" akasema. "Mgonjwa haimbi hivi. Jumatatu siendi."

Na alikuwa anamaanisha. Akaanza kumwambia mumewe watapitia wapi kununua mchele. Masanja akanigeukia. Nilitamani sakafu inimeze.

Kazi nzuri niliyoifanya ndiyo ilikuwa inakwenda kumuua dada yangu. Nilikuwa nasugua viganja, nakaa, nasimama. Nimweleze kwamba mashine imempendelea? Asingenielewa.

Nikarudisha kanda nyuma, nikamwomba akae kidogo. Nikacheza ile ya kwanza.

Alisikiliza mistari kama mitatu, akakunja uso.

"Anayepiga mluzi ni nani?"

Nikamjibu, "Ni pumzi yako, dada."

Akamtazama mumewe. "Masanja, ndivyo ninavyolala?"

Shemeji akainamisha kichwa. Kisha akasema, "Ndivyo. Mimi huwa silali. Nakusikiliza wewe."

Dada akaketi. Hakulia, mimi ndiye niliyelia, tena bila aibu. Akaomba nicheze tena tangu mwanzo, akasikiliza hadi mwisho mikono iko kooni.

Jumatatu alikwenda. Hakutoroka.

Alipozinduka hakuwa na sauti kabisa, mnong'ono tu. Wiki zikapita, mnong'ono. Nilikuwa nakwenda Kisesa namkuta anaita watoto kwa kupiga makofi, narudi mjini sina raha, namwuliza Mungu kama nimemponya au nimemnyamazisha. Kwaya ikapata mtu mwingine wa kuanzisha nyimbo. Ule wimbo uliopita kwenye preamp kongwe Mzee Salum aliutoa kanda, ikawa inauzwa hadi Magu, watu wanamsifu mwimbaji, na mwimbaji mwenyewe hawezi hata kuitika hodi. Iliniuma sana.

Mavuno yaliyofuata akaja studio peke yake. Sauti ilikuwa imerudi, lakini siyo ile. Nzito, ina mikwaruzo, ikipanda inakatika. Akasema ana wimbo mpya, ameutunga chini chini kwa sauti hii hii.

Mimi kwa huruma nikawasha ile kongwe. Akaniona.

"Toa hiyo, mdogo wangu. Weka ile isiyonipendelea."

Nikaiweka. Akaimba. Mikwaruzo yote ilikuwepo, haikusazwa hata mmoja. Na kila alipomaliza mstari nilisubiri, nikapandisha gain, yaani nguvu ya preamp, nikiutafuta ule mluzi, nikapandisha tena hadi mwisho.

Hapakuwa na kitu. Alikuwa anavuta pumzi na mimi sikuisikia.

Ndiyo maana nashindwa kukaa kwenye ubishi wenu. Yenye rangi si mbaya, kwaya nyingi nimezirekodia humo na sijuti. Ila kabla hujauliza ipi ni kali, jiulize huyo mtu anakwenda kuifanyia nini hiyo sauti akitoka hapo mlangoni.

Mliowahi kurekodi mtu wa nyumbani kwenu, semeni mlichagua ipi na yeye alisema nini alipojisikia. Wa matusi pia karibuni, nipo, nazunguka zunguka tu hapa.