Kumkimbia Mama Mkwe Mlimani

Kwetu mwanamume hasimami uso kwa uso na mama mkwe wake. Hampi mkono, hali naye, na akimwona mbele anaiacha njia na kuingia majanini. Mama naye hufanya vivyo hivyo. Ni heshima ya pande mbili. Nisichokijua ni lini hasa inaanza. Kabla baba zetu hawajakaa pamoja kuzungumzia ndoa, mama wa mchumba wangu alikuwa mkwe wangu tayari, au mama wa watu tu?

Nilimuuliza shangazi yangu. Alicheka mpaka akauacha mchi ndani ya kinu cha sombe, yale majani ya muhogo.

"Tata, yeye njo anaanzisha, hapana weye. Akikupa mukono, ujue hakutaki. Mukono ni ya mugeni. Akikukimbia, shukuru Mungu."

Basi nilitoka Kolwezi na shahada yangu na hofu moja: mkono wa mama yule.

Mji wa kina mchumba wangu uko juu ya kilima, upande wa Nzilo. Malori ya shaba hayafiki huko, kwa hiyo majani ya miti yana rangi yake, si ya vumbi kama yetu. Kuna kanisa la misheni la matofali, nyumba ya mkubwa fulani wa enzi za Wabelgiji, na njia moja. Nilipogundua kwamba njia ni moja, nilianza kutafuta kwa macho majani ya kuingia.

Mchumba wangu alikuwa ameahidi kunionyesha kila kitu. Tulianza na kanisa. Alisema padri wa zamani hakuwa mtu wa kutoa sala kwa wenye dhambi; babu zao walipoungama, aliwatuma wapandishe matofali kutoka mtoni.

"Ona vile kanisa iko kubwa," akasema. "Bankambo betu hawakulala."

Nilikuwa bado nacheka mama yake alipotokea kwenye kona, kikapu kichwani, mkono wa kushoto umekishika, wa kulia unaning'inia bure. Nikageuka na kubandika uso ukutani.

"Unafanya nini?"

"Ninaangalia tofali."

"Tofali gani?"

"Ya nkambo yako."

Mama akapita polepole mno. Nilimsikia akikohoa kile kikohozi cha mtu anayezuia kitu.

Katika nyumba ya Mbelgiji mpapai umeota sebuleni na kutokea juu ya paa. Nilikuwa natafakari jinsi mkubwa yule angejisikia, ndipo nikaona kitenge cha mama kikija mlangoni. Nikatoka dirishani.

"Mulango iko!" mchumba wangu alipiga kelele. "Mama anatoka tu kwa soko!"

"Mukono yake haina kitu!"

Tukapanda hadi mwisho wa kilima, kwenye miamba. Pale mto wa Lualaba unaonekana chini kabisa, umebanwa kati ya kuta za mawe, na msitu wa ng'ambo una majani mapya mekundu. Ni mahali pa kuvutia, lakini njia ya kufika ni nyembamba, nyasi kali huku na huku, na mbele hakuna kitu ila hewa. Nilipogeuka, mama alikuwa anapanda. Kikapu amekiacha. Mikono yote miwili, mitupu.

Safari hii hapakuwa na dirisha. Nikakaa chini, nikampa mgongo, nikaficha mikono yangu kwapani.

Hatua zake zikakoma nyuma yangu, karibu na mwamba mkubwa. Hakusema nami. Alisema na mwamba.

"Libwe, jambo. Kuko mutu pale, ananikimbia tangu asubui sawa mwizi wa kuku. Umuulize: mi naumaka?"

"Libwe," nikasema, "umuambie mama, hapana. Ule mutu anaogopa mukono."

"Mukono?"

"Anaogopa apewe mukono, sawa mugeni. Anamupenda sana mutoto wa mama."

Mchumba wangu alijifunika mdomo. Nyuma yangu kitenge cha mama kilichakarika. Labda alikuwa anafuta jasho la mkono ili aunyooshe vizuri.

"Umuulize, libwe. Akipewa huo mukono, atafanya nini?"

Niliwaza majibu mazuri ya mtu aliyesoma. Lililotoka ni hili: "Atarudi kesho kujificha tena. Madirisha ameshayajua."

Kisha nyasi zikaanza kulia, shwaa, shwaa.

"Angalia!" mchumba wangu alininong'oneza. "Hapana, usiangalie!"

Nilichungulia chini ya kwapa. Mama alikuwa amejifunika kitenge kichwani, amegeuza uso pembeni, ameiacha njia nzuri kabisa na anashuka katikati ya nyasi na miiba, akilalamika kwa sauti ili kilima chote kisikie.

"Mukwe gani huyu! Anakuya wakati nyasi inakatana! Batu bengine banaoaka kisha mvua!"

Mukwe. Nilitaka kumuuliza mchumba wangu kama amesikia nilichosikia, lakini alikuwa ameinama, machozi ya kicheko yakimtoka.

Tulipoanza kushuka, mama bado alikuwa karibu na njia, upande wa kushoto, anahangaika na mwiba. Nikaruka upande wa kulia. Tulishuka hivyo hadi mjini: yeye nyasini kwake, mimi nyasini kwangu, suruali imejaa mbegu za nyasi, kila mmoja akimgeuzia mwenzake kisogo kwa adabu kubwa. Katikati, kwenye njia safi, mchumba wangu alitembea peke yake.