Mikanda ya Ilyos

Zulhumor hakuachana na kichupa cha mafuta ya cherehani. Kilikaa mfukoni mwa koti lake jeupe mwaka mzima, na wauguzi wenzake walishamcheka mpaka wakachoka. Kitanda cha magurudumu kikilia kwii ukumbini, yeye huyo chini, anapaka. Mlango ukilia, anapaka. "Dada Zulhumor, wewe ungeolewa na fundi magari," walimtania, naye akacheka nao. Angewaambia nini? Kwamba mlio wa mbao inayosugua mbao anausikia tangu ana miaka kumi, na sasa ana hamsini na tatu, na bado ukimfikia kwa ghafla mikono inakufa ganzi? Mambo hayo huwaambii watu kazini.

Kazi yake ilikuwa kupima misuli ya watoto wenye mtindio wa ubongo, wale ambao miguu imekakamaa na visigino havigusi chini. Anampaka mtoto jeli kwenye shavu la mguu, anaweka kichwa cha mashine ya ultrasaundi, na mashine inapeleka mtikiso mdogo ndani ya nyama na kupima unavyokimbia. Ukikimbia sana, msuli ni mgumu, na kioo kinawaka rangi nyekundu. Ukienda polepole, msuli ni laini, na kioo kinakuwa buluu. Sharti ni moja tu: mtoto awe amelegea kabisa. Akijikaza hata kidogo, utakuwa umepima woga wake.

Sasa Muattar alikuwa halegei. Binti wa miaka sita, mwembamba, macho makubwa, miguu imepishana kama mkasi. Siku ya tatu hiyo analetwa na bibi yake, Bibi Tursunoy, kwa sababu mama yake yuko Urusi anafanya usafi maofisini. Kila akiguswa tu, anakaza mwili mzima, na kioo kinawaka moto. Dawa ya usingizi haikufaa, maana ana kifafa na kifua kibovu.

Daktari Hikmat alimwita Zulhumor pembeni.

"Mashine inarudi Tashkent kesho asubuhi," alisema. "Nataka namba ya msuli wa mtoto huyu leo. Kama msuli wenyewe umeganda, nakata kano ya kisigino, sina njia nyingine. Kama ni ubongo tu unaouvuta, sikati, tutamchoma sindano ya kulegeza na kumvalisha viatu vya kunyoosha mguu."

"Na nisipopata namba?"

"Nitaamua kwa mkono, kama zamani. Na mkono unadanganya, unajua mwenyewe. Nikikata kano isiyotaka kukatwa, mtoto yule hatasimama tena maisha yake."

Zulhumor alirudi chumbani akajaribu kila alichokijua. Akaimba, akazima taa, akapasha jeli moto kwa viganja. Kioo kikabaki chekundu. Bibi Tursunoy alimtazama weee, mwishowe akachoka naye.

"Unajisumbua, mwanangu. Huyu halali popote ila kwenye beshik yake."

"Beshik? Kitanda cha kubembezea kitoto kichanga?"

"Seremala ameirefusha mara mbili."

"Na mnamfunga mikanda?"

"Beshik bila mikanda ni beshik hiyo? Ni sanduku."

Hasira zikampanda Zulhumor mpaka masikio yakawa ya moto. "Bibi, miguu yenyewe hii, halafu unaifunga. Huna huruma?"

"Mchelea mwana kulia hulia yeye," bibi akajibu bila kujali. "Kwani wewe mwenzangu ulilelewa wapi, kwenye friji?"

Zulhumor akageukia mashine, akaifuta jeli. Alilelewa kwenye beshik, na mdogo wake Ilyos vilevile. Ilyos alizaliwa bila kulia, na miguu yake ikapishana hivihivi. Bibi yao akasema akae kwenye beshik mpaka inyooke, hata kama ni miaka. Mama alikuwa shambani, bibi mwenyewe mgonjwa, kwa hiyo kazi ya kumfunga ikawa ya Zulhumor. Alikuwa na miaka kumi. Mkanda wa kwanza kifuani, wa pili mapajani, fundo mara mbili. Ilyos alikuwa na neno moja tu duniani, "Dada," na kila akishafungwa alilisema hilo, naye Zulhumor akiziba masikio anakimbia, kwa sababu alijua anaomba kufunguliwa na yeye hana ruhusa. Vuli ile shule nzima ilipelekwa kuchuma pamba. Alimfunga asubuhi, akaondoka na gunia lake. Aliporudi jioni, vidole vimechanwa na maganda makavu ya pamba, Ilyos alikuwa amepaliwa na makohozi, amekufa, bado yumo kwenye mikanda. Watu wazima walishindwa kufungua mafundo yale, ikabidi ayafungue yeye. Hakuna aliyemlaumu, na afadhali wangemlaumu. Tangu siku hiyo hajafunga hata kamba ya kiatu cha mtoto wa mtu, na wanawe mwenyewe waliletewa beshik na ukoo mzima, akazirudisha. Kila sala anayosali, mwishoni anaomba msamaha kwa ajili ya mikanda.

Bibi akapiga simu nyumbani, na adhuhuri haijaingia, baba mdogo wa Muattar akaileta beshik kwa kigari cha mizigo aina ya Damasi. Nyekundu, ina maua ya kuchorwa, mashuka mazito yamening'inia kwenye mhimili wake, ule mti wa juu wa kushikia, inanuka moshi wa kufukizia. Walipoiweka chini ililia kwii. Zulhumor akatoa kichupa chake.

"Acha," bibi akamwambia. "Ikinyamaza hii, halali."

Wakamlaza mtoto. Bibi akaonyesha vidole vyake, baridi yabisi imevipinda vyote. "Anayemfunga ni shangazi yake, na leo yuko sokoni. Mfunge wewe."

"Siwezi."

"Hujui?"

Zulhumor aliwaza kano ya kisigino na kisu cha daktari. "Najua," akasema, na machozi yalikuwa karibu sana.

Akapiga moyo konde. Mikono haikumuuliza kitu. Kifuani, mapajani, fundo mara mbili, ncha chini ya mhimili. Mashavu ya miguu akayaacha wazi. Akaanza kubembeza, na mbao zikalia, kwii, kwii. Kisha akaingiza kichwa chini ya mashuka, kwenye giza lile la moshi na maziwa, akashika mguu. Alihofia kukuta jiwe. Akakuta mguu umelala kiganjani mwake, laini kama unga uliokandwa ukapumzishwa.

Hakuwahi kuushika mguu wa Ilyos baada ya kumfunga. Hakuwahi hata siku moja.

Alipima mara tano. Kioo kilikuwa buluu mara zote tano, na namba haikuyumba. Msuli haujaganda. Bibi Tursunoy alipoambiwa hakuna kukatwa, alikaa chini sakafuni akalia kwenye ncha ya mtandio wake.

Zulhumor akasimama ampelekee daktari namba. Hajafika mlangoni, sauti ikatoka chini ya mashuka, nyembamba, inakokota.

"Daa-da."

 Akarudi mbio, akapiga magoti, akaanza kuvuta fundo.

"Unafanya nini wewe?" bibi akauliza.

"Anataka kufunguliwa."

"Nani kakwambia?"

Mkanda ulipolegea, miguu ikapishana papo hapo, mtoto akaangua kilio.

"Mfunge, mfunge," bibi akasema. "Huyo kakuita kwa sababu umesimama. Mtoto aliyefungwa hana mkono wa kukushikilia nguo, mwanangu, ana sauti tu. Anataka ukae umbembeze. Jambo hilo kila mtu analijua."

Kila mtu analijua. Zulhumor alifunga fundo upya, akakaa chini, akashika mhimili. Miaka arobaini na tatu ameomba msamaha wa mikanda, kumbe Ilyos hakuwa na neno na mikanda. Alikuwa anamwambia asiende. Asubuhi ile ya pamba alimwita mara tatu, na ile ya tatu aliisikia akiwa ameshafika kwenye geti.

Beshik ililia, naye akaiacha ilie. Mtoto alishalala zamani wakati Daktari Hikmat alipochungulia mlangoni.

"Zulhumor, vipi? Namba ninaisubiri ofisini."

"Iko kwenye kioo, njoo uisome mwenyewe," akasema, huku anabembeza. "Mimi siondoki."