Hodi Nyumbani kwa Moza

Moza, mkaanga samaki wa Kirumba, alikuwa akimlea Sifa, mkimbizi wa miaka minane aliyetoka Kongo bila mzazi. Sifa alipenda sana kumbeba Abdillah, mjukuu wa Moza aliyekuwa bado ananyonya.

Siku moja jirani alipiga hodi. Kabla Moza hajaitikia, Sifa aliingia uvunguni mwa kitanda na mtoto, akamziba mdomo na pua. Moza alimpokonya mtoto, ambaye alikuwa ameanza kulegea.

“Utamuua, wewe!”

“Bibi, akilia watatusikia. Mama alimziba mdogo wangu hivihivi.”

“Akapona?”

Sifa alitikisa kichwa.

Kesho yake Moza alikwenda kukaanga samaki na Abdillah mgongoni. Aliporudi, alimkuta Sifa mlangoni, nguo zake amezifunga kwenye khanga.

“Bibi, sasa napelekwa wapi?”

Moza alikuwa akijiuliza hilo tangu asubuhi.