Matilda na Mkwe wa Chumba cha Nne

Mwaka wa hamsini na nne nilitoka Iringa kwa lori la mbao, nikalala Mafinga, nikalala Nyololo, na nilipofika Mbeya kifua kilikuwa kimenibana kwa baridi. Watu wakanielekeza kwa Bi Mwanakhamisi. Nilikusudia siku tatu. Nilikaa mwaka mzima, na kilichonikalisha ni mkono wa Matilda.

Bi Mwanakhamisi alikuwa mjane wa fundi cherehani, watu wenye asili ya pwani. Marehemu alimwachia nyumba ya vyumba vinne, naye akaijaza wazee wasio na watu wao. Tulikuwa sita. Macho yake yalishaanza kuingia ukungu, kwa hiyo kazi yote ilikuwa ya Matilda, Mnyakyusa wa Tukuyu. Mume wake alifia migodini huko kusini, hawakujaliwa mtoto, na nyumba ile ndiyo iliyokuwa kazi yake na kwao. Akikuosha miguu kwa maji ya moto, alikuuliza habari za nyumbani kwenu kama mtu anayetaka kweli kujua.

Basi, mwezi wa sita lori la ndizi likamshusha mzee aliyevunjika mguu, umefungwa vijiti. Jina lake Andendekisye. Tukamlaza chumba cha nne. Matilda alikuwa kisimani. Aliporudi akamchukulia uji, akapiga hodi. Mzee akaitikia. Hapo hapo tukasikia bakuli limepasuka.

Tukamkuta Matilda amejibanza nyuma ya mlango wa jikoni, amejifunika kanga kichwa kizima. Mzee naye kule ndani amevuta blanketi mpaka utosini.

"Kuna nyoka?" akauliza Bi Mwanakhamisi.

"Hakuna, Mama. Ni mkwe wangu. Baba wa marehemu."

"Alhamdulillahi! Si umwamkie, mwanangu!"

"Kwetu mke wa mtoto haonani na mkwe. Nikisikia anapita, nilikuwa naingia migombani. Miaka tisa ya ndoa sijamwona uso. Sauti yake tu naijua, nyuma ya ukuta wa mianzi."

"Huko kwetu mkwe anafuliwa hata kanzu!"

Bi Mwanakhamisi alidhani ni haya tu, ya siku moja. Asubuhi akamshika Matilda mkono, akamvuta mpaka ndani ya chumba. Mzee akageukia ukuta, na tangu saa ile akakataa chakula.

"Niitieni lori nirudi," akasema. Arudi wapi? Nyumba yake ilishaanguka, na mtoto alikuwa yule yule mmoja.

Siku ya pili nikamkuta Matilda jikoni anafunga furushi.

"Mmoja wetu atoke, Mzee Ezekia. Mwenye miguu ni mimi."

"Na sisi wengine atatuosha nani? Ngoja kwanza. Mimi nitakuwa mikono yako."

Tukatundika mkeka mlango wa chumba cha nne. Matilda akapika ndizi kwa maharage na maziwa, akaweka bakuli nje ya mkeka, akagonga sufuria kwa mwiko mara mbili, akaondoka. Nikaliingiza mimi. Mzee akaonja.

"Huyu alifundishwa na mke wangu," akasema. Akala mpaka akafuta bakuli kwa kidole.

Tukaenda hivyo miezi mitano. Lakini furushi halikufunguliwa. Lilikaa chini ya meza ya jikoni, nami kila nikiingia nilikuwa nalitazama kwanza.

Mvua za mwezi wa kumi na moja zilipoanza, siku moja Bi Mwanakhamisi alikwenda mazikoni, nami nikaenda kufuata mkaa. Mvua ikanikuta getini. Nikamwona mzee Andendekisye amelala kwenye matope katikati ya uwanja, fimbo kule. Alitaka kwenda chooni peke yake. Hakuwa anaita mtu, maana mwenye nguvu za kumwinua alikuwa mmoja tu, Matilda.

Sijatua gunia, Matilda akatoka jikoni kinyumenyume, kanga kichwani, anapapasa njia kwa kisigino. Akafika, akachuchumaa, akampa mgongo.

"Jamani, mwambieni mzee ashike mabega," akasema, na wa kumwambia hakuwepo.

Mzee akafumba macho kama mtoto anayeogopa sabuni, akashika. Matilda akasimama naye mgongoni, akamfikisha nyuma ya mkeka, akamshusha taratibu, akatoka bila kugeuka. Mimi nilibaki nimesimama pale, nanyeshewa mimi pamoja na mkaa wangu.

Jioni mzee akaniita. "Ezekia, jambo hili kwetu lina faini. Kuku. Nitalipa mimi, nimemgusa."

Nikapeleka habari jikoni. "Mwambie nalipa mimi," akasema Matilda. "Nilimfuata mwenyewe."

Wakabishana kupitia kwangu, mkekani na jikoni, mpaka magoti yakaniuma.

"Hebu nyamazeni wote!" akasema Bi Mwanakhamisi, aliyekuwa amerudi. "Kuku atatoka kwangu. Aliyeanza kuwavunjia adabu ni mimi."

Akamwita jirani yake Muharami amchinje yule kuku mwekundu. Nusu ikaenda nyuma ya mkeka, nusu ikabaki jikoni.

Asubuhi niliporudisha bakuli, chini ya meza hapakuwa na kitu. Gauni la Matilda la kanisani lilikuwa limetundikwa kwenye msumari, bado lina mikunjo ya furushi.